Che Guevara ukingoni mwa Tanganyika: Risasi zilikuwa nyingi, walenga shabaha wachache

Alfajiri ya 24 Aprili 1965, mashua iliyotoka Kigoma ilifika Kibamba, kijiji kidogo cha wavuvi katika eneo la Fizi, kaskazini mwa mji ambao leo unaitwa Kalemie na wakati huo ukiitwa Albertville. Ndani yake walikuwamo Wacuba 14, karibu wote wakiwa weusi. Mmoja wa wachache wenye ngozi nyeupe alikuwa amenyoa ndevu, amevaa miwani na alijulikana kwa jina la Tatu.

Wapiganaji waliowapokea ufukweni hawakujua kwamba Tatu alikuwa Ernesto Che Guevara, aliyekuwa waziri wa viwanda wa Cuba na mmoja wa makamanda mashuhuri zaidi duniani kwa wakati ule. Alikuja kuwafundisha Wacongo vita vya msituni. Miezi saba baadaye aliondoka kwa njia ileile ya ziwa, usiku, akiwa mgonjwa na ameshindwa.

Kisa hicho mara nyingi husimuliwa kama habari ya siasa za vita baridi. Lakini kwa maveterani waliokuwa naye, na katika maandishi yake mwenyewe, jambo linalorudi mara kwa mara ni dogo zaidi na la karibu zaidi: bunduki, na namna mtu anavyofundishwa kuitumia.

Daktari aliyechagua sanduku la risasi

Guevara alizaliwa mwaka 1928 mjini Rosario, Argentina. Tangu utotoni aliugua pumu, ugonjwa uliomfuata hadi kifo chake. Alihitimu udaktari mwaka 1953 mjini Buenos Aires, akazunguka Amerika ya Kusini, na mwaka 1955 akakutana na Fidel Castro nchini Mexico.

Castro alikuwa akiandaa kundi la kwenda kuung'oa utawala wa Fulgencio Batista nchini Cuba. Mkufunzi wao alikuwa Alberto Bayo, mwanajeshi mzee aliyepigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania. Mazoezi ya kulenga shabaha yalifanyika katika uwanja wa Los Gamitos, nje kidogo ya jiji la Mexico. Kumbukumbu za mafunzo hayo zinaonyesha kuwa Guevara alihudhuria vipindi 20 vya kulenga na kufyatua takriban risasi 650. Bayo alimhesabu kuwa mwanafunzi wake bora.

Tarehe 2 Desemba 1956, wapiganaji 82 walitua Cuba kwa boti iliyoitwa Granma. Siku tatu baadaye jeshi la Batista liliwashambulia ghafla mahali panapoitwa Alegría de Pío. Katika purukushani hiyo Guevara, aliyekuja kama daktari wa kundi, alijikuta na mizigo miwili miguuni pake: mkoba wa dawa na sanduku la risasi. Hakuweza kubeba yote mawili. Alichukua risasi, akaacha dawa. Dakika chache baadaye naye alijeruhiwa shingoni.

Walionusurika walikuwa wapatao 20 tu, na bunduki chache. Kwa miaka miwili iliyofuata milimani Sierra Maestra, silaha zao nyingi zilitoka mikononi mwa adui. Kila risasi ilihesabiwa. Mwaka 1958 Guevara alianzisha shule ya makuruta mahali panapoitwa Minas del Frío, ambako tatizo kubwa lilikuwa hilohilo: namna ya kumfundisha mtu kupiga shabaha bila kuwa na risasi za kufanyia mazoezi.

Jibu lake analieleza katika kitabu chake kuhusu vita vya msituni, kilichotoka mwaka 1960. Bunduki inafungwa juu ya egemeo la mbao ili isitikisike. Kuruta anachungulia mlengo bila kuigusa bunduki, huku mwenzake akisogeza alama ya shabaha mbele yake. Kuruta anaelekeza kwa maneno, juu kidogo, kushoto kidogo, mpaka aone mlengo umekaa sawa. Hapo inawekwa nukta. Zoezi linarudiwa mara tatu. Nukta zote tatu zikiangukia mahali pamoja, jicho la kuruta ni zuri. Hakuna risasi hata moja iliyopotea.

Kwa Guevara, hilo lilikuwa fundisho la nidhamu. Mtu mwenye risasi 40 anayejua kila moja inaelekea wapi ni hatari kuliko mwenye 400 anayezimwaga hewani.

Mnamo Januari 1959 utawala wa Batista ulianguka. Mwaka uliofuata, meli ya La Coubre iliyokuwa imebeba shehena ya silaha kutoka Ubelgiji ililipuka bandarini Havana tarehe 4 Machi na kuua watu wengi. Siku ya pili, katika maombolezo ya waliokufa, mpiga picha Alberto Korda alimpiga Guevara ile picha yenye kofia na nyota ambayo hadi leo imechapwa kwenye fulana na pikipiki kuanzia Havana hadi Goma.

Jina la Tatu

Congo ilikuwa kichwani mwake muda mrefu. Kuuawa kwa Patrice Lumumba huko Katanga Januari 1961 kulimuuma, na mnamo Desemba 1964 alilitaja suala la Congo kwa ukali mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York. Kutoka hapo alianza ziara ndefu ya Afrika. Februari 1965 mjini Dar es Salaam alikutana na Laurent-Désiré Kabila, kijana kutoka Katanga Kaskazini aliyekuwa mmoja wa viongozi wa uasi wa mashariki, na akaahidi kuleta wakufunzi.

Wakati huo uasi wa Simba ulikuwa umeanza kurudi nyuma. Waliuteka mji wa Albertville Juni 1964, lakini mwishoni mwa Agosti mwaka huohuo jeshi la serikali, ANC, likisaidiwa na mamluki wazungu, lilirudi na kuuchukua. Waasi walibaki na milima ya Fizi na ukanda wa ziwa, ambako silaha kutoka China na Urusi zilikuwa zikipitia Tanzania.

Wacuba walipewa majina ya Kiswahili kwa hesabu. Víctor Dreke, aliyeongoza kundi kwa jina, akawa Moja. Martínez Tamayo akawa Mbili. Guevara akawa Tatu. Kijana mmoja, Freddy Ilanga, alipewa kazi ya kumfundisha Kiswahili. Ilanga baadaye alipelekwa Cuba, akawa daktari na kuishi huko hadi alipofariki mwaka 2005.

Jambo la kwanza lililomshangaza Tatu ni wingi wa silaha. Bunduki, mizinga midogo na masanduku ya risasi vilirundikwa ufukweni bila mpangilio, vipuri vya mzinga mmoja vikiwa vimeletwa na boti tofauti. Katika Sierra Maestra watu walikufa wakitafuta bunduki moja. Hapa bunduki zilikuwapo, ila walioweza kuzitumia walikuwa wachache.

Katika zahanati ya kambi, ambako alirudia kazi yake ya udaktari, alikutana na majeruhi wa risasi ambao hawakupigwa vitani. Walikuwa wameumizwa na bunduki zilizochezewa au kushikwa na watu waliolewa pombe. Wapiganaji wengi walikuwa vijana wa vijijini waliokabidhiwa silaha za rashasha bila somo lolote. Taarifa alizoletewa kutoka mashambulio ya kuvizia zilisema baadhi yao walifumba macho, wakabana kifyatulio na kukishikilia mpaka risasi zikaisha.

Pia ilikuwapo dawa. Mganga aliwapaka wapiganaji maji ya miti shamba ili risasi isiwaingie, kwa masharti kwamba asiibe, asimguse mwanamke na asiogope. Aliyepigwa risasi alihesabiwa kuwa amevunja sharti. Guevara aliona kuwa imani hiyo ilimpa mpiganaji ujasiri wa kuanza vita, lakini ilimwondolea sababu ya kujifunza kujikinga. Tena iliwafanya wenzake wamshuku mtu kwa jeraha lake.

Alipendekeza mpango wa mafunzo: wiki kadhaa za kulenga shabaha na kuvizia chini ya Wacuba, kisha vita vidogo vidogo, kisha kuchuja. Kwa hesabu yake, katika watu 100 wangebaki kama 20 wanaofaa kuwa askari, na kati ya hao wawili au watatu wa kuwa viongozi. Mpango huo ulihitaji muda, na ulihitaji viongozi wa uasi wawepo. Kabila alifika mstari wa mbele Julai, akakaa siku chache, akaondoka.

Bendera, 29 Juni

Vita vilivyovunja matumaini vilipiganwa Bendera, kwenye kituo cha umeme wa maji kaskazini mwa Albertville, ambacho Wacuba walikiita Front de Force. Guevara hakuyapenda mashambulizi hayo. Ngome ilikuwa imara mno na alitaka kuanza na malengo madogo. Uamuzi ulitoka juu, na yeye mwenyewe hakuruhusiwa kwenda.

Tarehe 29 Juni 1965 Dreke aliongoza Wacuba wapatao 40 pamoja na Wanyarwanda na Wacongo wapatao 160. Wapiganaji wapatao 60 kati yao walikuwa wametoroka kabla ya mapigano kuanza, na wengine wengi hawakufyatua hata risasi moja. Wacuba wanne waliuawa, pamoja na Wanyarwanda kadhaa waliosimama na kupigana. Vitu vilivyokutwa kwenye miili, pamoja na shajara, viliiambia serikali na washauri wake wa Marekani kwamba Wacuba wamo Congo.

Lakini si haki kuwatupia vijana wa Fizi lawama zote, na Guevara mwenyewe hakufanya hivyo. Walikuwa hawalipwi, viongozi wao walikaa ng'ambo ya ziwa, na wageni waliowaamuru kubeba mizigo milimani hawakuwahi kuwauliza kama wanawahitaji. Waliokataa mizigo walijibu kwamba wao si magari. Katika maandishi yake alijilaumu pia: aliwasiliana na wakubwa kwa Kifaransa na hakujifunza Kiswahili vya kutosha kuzungumza na askari wa kawaida. Mwalimu wa bunduki alikosa lugha ya kufundishia.

Usiku wa mwisho ziwani

Mwishoni mwa Septemba mamluki wa Mike Hoare walipanda boti Albertville na kutua Baraka. Fizi ikaanguka baadaye. Tarehe 24 Oktoba, miezi sita kamili tangu Tatu alipofika, jeshi la serikali liliishambulia kambi yake ghafla.

Siasa nayo iligeuka. Rais Kasavubu alimfukuza waziri mkuu Moïse Tshombe, mataifa ya Afrika yakataka wapiganaji wote wa kigeni waondoke, na Tanzania ikawaomba Wacuba wamalize. Usiku wa kuamkia 21 Novemba 1965 boti ziliwachukua kuwarudisha Kigoma. Nafasi haikutosha. Wapiganaji Wacongo waliotaka kuondoka nao waliachwa ufukweni. Siku tatu baadaye Mobutu alichukua madaraka mjini Léopoldville.

Guevara alijificha katika ubalozi wa Cuba Dar es Salaam, akiandika. Hakuficha kwamba anasimulia kushindwa. Maandishi hayo yalitoka hadharani katika miaka ya 1990.

Bunduki iliyovunjika

Novemba 1966 aliingia Bolivia kujaribu tena, akiwa na baadhi ya Wacuba waliokuwa naye Congo. Safari hii serikali haikupoteza muda. Wakufunzi wa Marekani waliwachukua makuruta wa Bolivia na kuwafundisha kwa wiki 19: kutembea, kuvizia, na juu ya yote kulenga shabaha. Kilikuwa karibu kile alichokiomba bila kukipata Kibamba, yaani muda wa kumfanya kijana wa kijijini awe askari.

Kikosi hicho kilimkuta tarehe 8 Oktoba 1967 katika bonde la Yuro. Alipigwa risasi mguuni. Risasi nyingine iligonga mtutu wa bunduki yake aina ya M-2 na kuiharibu, na bastola aliyokuwa nayo haikuwa na magazini. Alishikwa akiwa hana silaha inayofanya kazi. Kesho yake aliuawa kwa amri katika shule ya kijiji cha La Higuera, akiwa na umri wa miaka 39.

Mifupa yake ilipatikana Vallegrande katikati ya mwaka 1997, wiki chache tu baada ya Kabila, yule kijana wa mwaka 1965, kuingia Kinshasa kama rais. Ilizikwa Santa Clara, Cuba, Oktoba mwaka huohuo.

Kalemie haina kaburi lake. Ila tangu aondoke, silaha hazijakoma kuingia mashariki mwa Congo, na bado zinaangukia mikononi mwa vijana ambao hakuna aliyewafundisha, wengine wakiwa na dawa ya kuzuia risasi miilini mwao. Tatu aliliona hilo miaka 60 iliyopita: kuleta bunduki ni kazi ya usiku mmoja wa boti, lakini kumpata mtu anayejua lini asifyatue huchukua muda mrefu, na huo ndio muda ambao hakuna aliyekuwa tayari kuutoa.