ANDREW WATSON, ARIERE NA KAPITENI (1856–1921)



Kila mara kiisha mechi tunarudi ku mabweni na habari ni moja tu: nani alitia goli? Jina la yule aliyetia goli linaimbwa mupaka usiku. Lakini yule ariere aliyesimama nyuma, aliyeondoa mupira mara kumi mbele ya goli letu, nani anatajaka jina lake? Kwa sababu ya neno hilo nimependa kuandika katika gazeti letu maisha ya ariere mumoja wa zamani sana. Alicheza katika Scotland, katika Uingereza na katika Wales. Alikuwa kapiteni wa ekipe ya inchi. Tena alikuwa mutu mweusi, katika wakati ambao wengi wetu tungesema neno kama hilo haliwezekani. Jina lake ni Andrew Watson.

Alizaliwa tarehe 24 Mei 1856 katika Demerara, inchi inayoitwa leo Guyana, kaskazini ya Amerika ya Kusini. Wakati ule ilikuwa koloni ya Waingereza, inchi ya mashamba makubwa ya miwa. Baba yake, Peter Miller Watson, alikuwa muzungu wa Scotland, tajiri wa sukari. Mama yake, Hannah Rose, alikuwa mwanamuke mweusi wa kule kule. Tusifiche neno: utajiri wa mashamba yale ulitoka katika jasho la watumwa. Waingereza walipofuta utumwa katika makoloni yao kwa sheria ya mwaka 1833, feza ya malipo ilipewa mabwana. Watumwa wenyewe hawakupata hata senti. Andrew alizaliwa nyuma ya mambo hayo, lakini alibeba pande mbili ndani ya jina lake na ndani ya ngozi yake.

Akingali mutoto, baba yake alimupeleka Uingereza pamoja na dada yake Annetta. Mwaka 1866 aliingia Heath Grammar School katika muji wa Halifax. Mwaka 1869 baba alikufa, akaacha urithi kwa ajili ya watoto. Hivi Andrew alikuwa yatima wa baba, mbali na mama yake, bahari nzima katikati yao, na umri wake haukufika miaka 14. Lakini aliendelea na masomo. Mwaka 1871 aliingia King's College School ya London, na pale alijulikana kwa michezo. Mwaka 1875, akiwa na miaka 19, aliingia Universite ya Glasgow, katika Scotland, kwa kujifunza hesabu, fizika na ufundi wa mashine. Kiisha mwaka moja aliacha universite, akaenda kujifunza kazi ya mashine kwa mikono yake mwenyewe.

Kule Glasgow njo mupira ulimushika. Hapa inafaa kueleza kidogo, sababu mupira wa wakati ule haukuwa kama wetu. Ekipe iliweka ma-ariere wawili tu nyuma, na wachezaji sita walikuwa mbele kushambulia. Goli halikuwa na wavu. Penalti haikukuwa bado. Ilikuja mwaka 1891. Kusukuma mutu kwa bega ilikuwa ruhusa, hata mulinzi wa goli walimusukuma na mupira katika mikono yake. Fikiri basi kazi ya ariere: watu sita wanakuja kwako na mbio, na wewe uko na mwenzako mumoja tu. Mutu mwoga hakuweza kusimama pale. Watson alikuwa mukubwa wa mwili, mwenye nguvu na mbio, na mateke yake yalikuwa mazito.

Alianza katika ekipe ndogo iliyoitwa Maxwell, kiisha akaingia Parkgrove. Na katika Parkgrove hakukuwa muchezaji tu, alikuwa pia sekretere. Ninyi munaojua kazi ya sekretere wa ekipe munajua taabu yake: kuandika barua kwa ekipe zingine, kupanga siku za mechi, kuweka majina katika kaye, kutafuta namna ya safari. Kazi ile hakuna mutu anapigaka makofi kwa ajili yake. Lakini pasipo sekretere, hata yule mutia goli hatapata mechi ya kucheza. Watu wa historia wanasema kwamba yeye njo mutu mweusi wa kwanza kujulikana kuwa kiongozi katika kazi ya mupira namna ile. Mwaka 1877 alioa bibi yake wa kwanza, Jessie Nimmo Armour, binti wa fundi wa mbao, wakazaa mutoto mwanaume, Rupert, na mutoto mwanamuke, Agnes Maude.

Mwaka 1880 Queen's Park ya Glasgow ilimuita. Queen's Park iliundwa mwaka 1867, na katika Scotland hakukuwa ekipe ya kuipita. Haikulipa wachezaji feza hata kidogo. Wachezaji wake walifundisha watu kitu kipya: kupeana mupira. Waingereza wa siku zile walipenda kila mutu akamate mupira, akimbie nao mwenyewe mupaka aupoteze. Waskoti walisema hapana, mupira unakwenda mbio kuliko mutu, tupeane. Mambo tunayoyaita leo mupira yalianza vile. Na ariere mwenye kujua kupeana mupira vizuri alikuwa na samani kubwa, sababu kushambulia kulianza kwake.

Sasa tufike ku siku yenyewe. Tarehe 12 Mars 1881, siku ya posho, Scotland ilicheza na Uingereza katika kiwanja cha Oval, London. (Scotland, Uingereza na Wales ziko chini ya mufalme mumoja, lakini katika mupira kila moja iko na ekipe yake.) Ilikuwa mara ya kwanza ya Watson kuvaa nguo ya inchi, na siku ile ile walimupa kuwa kapiteni. Alikuwa na miaka 24. Mutoto wa mwanamuke mweusi wa Demerara alitembea mbele, Waskoti kumi wakamufuata. Walipomaliza, Scotland 6, Uingereza 1. Wapenzi, hapana mchezo! Mupaka leo, zaidi ya miaka 140, Uingereza haijashindwa nyumbani kwake kwa tofauti kubwa kuliko ile.

Hakupata hata siku mbili za kupumzika. Siku ya kwanza ya juma, tarehe 14 Mars, alikuwa Wrexham kucheza na Wales: Scotland 5, Wales 1. Na mwaka uliofuata, tarehe 11 Mars 1882, Waingereza walikuja Glasgow kulipiza kisasi: Scotland 5, Uingereza 1. Fanyeni hesabu. Mechi tatu, magoli 16 yaliingia upande mwingine, na 3 tu yaliingia upande ambao Watson alikuwa analinda. Tena pamoja na Queen's Park alibeba Kikombe cha Scotland mwaka 1881 na mwaka 1882. Hatujui mutu mweusi mwingine mbele yake aliyepata kikombe kikubwa namna ile.

Mutaniuliza: kama alikuwa na nguvu hivi, sababu gani alichezea inchi mara tatu tu? Wengine watasema ni rangi. Lakini hapana. Mwaka 1882 alihamia London, na wakubwa wa mupira wa Scotland walikuwa na desturi ya kuchagua tu wale wanaocheza ndani ya Scotland. Aliyetoka, jina lake lilifutwa, awe mweupe ao mweusi. Hivi, kwa miaka 25 tu, alikuwa amemaliza kazi ya inchi.

Mwaka ule ule Jessie, bibi yake, alikufa. Watoto wawili walirudishwa Glasgow kwa wazazi wa mama yao. Watson mwenyewe alikuwa amelelewa mbali na mama yake. Sasa watoto wake pia walilelewa mbali na baba yao. Wakati tunasoma juu ya vikombe tusisahau neno hili.

Aliendelea kucheza. Katika London alichezea Swifts, na mwaka 1882 akawa mutu mweusi wa kwanza kucheza katika Kikombe cha Uingereza. Kiisha aliitwa na Corinthians, ekipe iliyochagua wachezaji wazuri wasiolipwa wa inchi nzima. Mwaka 1884 Corinthians walicheza na Blackburn Rovers, wenye Kikombe cha Uingereza wakati ule, wakawapiga 8 kwa 1, na Watson alikuwa ndani. Mwaka 1886 alikuwa tena na Queen's Park, akapata Kikombe cha Scotland mara ya tatu.

Mwaka 1887 alioa tena, Eliza Kate Tyler, wakazaa watoto wawili, na akahamia upande wa Liverpool, ku ekipe ya Bootle. Sasa mambo ya feza yalikuwa yamebadilika: tangu mwaka 1885 Uingereza iliruhusu ekipe kulipa wachezaji. Bootle ililipa wachezaji wake wengine. Kwa hiyo watu wa historia wanabishana mupaka leo kama Watson njo mutu mweusi wa kwanza kulipwa kwa kucheza mupira, ao kama ni Arthur Wharton, mulinzi wa goli aliyezaliwa Accra, aliyelipwa na ekipe ya Rotherham mwaka 1889.

Lakini Watson hakungoja mupira umulishe mupaka uzee. Alirudia kazi aliyoanza katika ujana. Alifanya mitihani ya ufundi wa mashine za merikebu, akashinda, akafanya kazi miaka mingi ndani ya merikebu, chini kule penye moto na mafuta, mahali wasafiri hawaoni. Tena kazi ya ariere! Wenye kuwa juu wanaona bahari, na yule wa chini njo anafanya merikebu iende.

Katika uzee alikaa Kew, karibu na London. Alikufa tarehe 8 Mars 1921 kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na miaka 64, akazikwa katika makaburi ya Richmond.

Na kiisha? Kiisha watu walimusahau. Miaka mingi ilipita, vitabu vikaandika kwamba mutu mweusi wa kwanza katika mupira wa Uingereza alikuwa Wharton. Wengine waliandika kwamba Watson alikufa Australia, kumbe kaburi lake lilikuwa Richmond, limeharibika, hakuna mutu wa kulitunza. Mwaka 1978, Viv Anderson alipoichezea Uingereza kama mutu mweusi wa kwanza katika ekipe yao kubwa, naye alikuwa ariere, watu wachache sana walijua kwamba Scotland ilikuwa na kapiteni mweusi miaka 97 mbele yake. Na Scotland yenyewe ilikaa mupaka mwaka 2004 kuchagua mutu mweusi mwingine, Nigel Quashie.

Namna gani alipatikana tena? Kwa karatasi. Watu walitazama picha ya zamani ya ekipe ya Scotland, wakaona uso mweusi kati ya nyuso nyeupe, wakauliza: huyu ni nani? Wakafungua vitabu vya mupira vya wakati ule, orodha za masomo, vyeti vya ndoa na vya kifo. Jina lilikuwa pale siku zote. Mwaka 2012 liliingizwa kati ya majina ya heshima ya mupira wa Scotland, na mwaka 2021, miaka 100 kiisha kufa kwake, kaburi lilitengenezwa upya.

Wazee wanasemaka: mali bila daftari hupotea bila habari. Si mali tu, hata mutu. Kama sekretere wa siku zile hakuandika majina kumi na moja yote, kama aliandika tu wale waliotia magoli, leo hatungejua kwamba Andrew Watson aliishi.

Basi, ndugu zangu wa komite ya michezo, ninaomba neno moja. Kwa mechi inayokuja, ile karatasi tunayobandika ku mulango wa chumba cha kulia isiwe na hesabu ya magoli na jina moja tu. Tuandike wote kumi na moja, na wa nyuma kwanza.