Marek Edelman: Mpiganaji aliyekataa kugeuzwa sanamu

Ukisikia neno geto, pengine picha inayokujia ni ya mtaa wa mabanda, paa za mabati na vijana wakipiga stori konani. Sasa hebu fikiria geto la aina nyingine kabisa. Ni jiji la Warsaw, Poland, mwishoni mwa 1940. Wanazi wa Ujerumani wamezungushia sehemu ya jiji ukuta mrefu na kuwasukuma ndani Wayahudi zaidi ya 400,000. Ukitoka bila kibali, risasi. Ukibaki, njaa na maradhi yanakungoja. Maiti zinalala barabarani na watu wanazipita tu.

Humo ndimo alimoishi Marek Edelman, kijana yatima. Mamake, karani wa hospitali ya watoto na mwanaharakati, alifariki Marek akiwa na miaka kama 14. Wafanyakazi wenzake mama ndio waliosaidia kumtunza. Vita vilipofika, hospitali hiyo ikampa kazi ya tarishi. Kazi ndogo, lakini ilikuwa na kitu ambacho wengi wangekiuza roho wakipate: kibali cha kutoka nje ya ukuta, akipeleka damu ya wagonjwa kupimwa.

Julai 22, 1942, Wajerumani wakaanza kuwasomba watu. Walisema wanawapeleka mashariki kufanya kazi. Aliyejitokeza mwenyewe aliahidiwa kilo tatu za mkate na kilo moja ya jemu. Hebu jiulize, mtu mwenye njaa ya miezi angefanyaje? Atakuuaje mtu anayekupa mkate? Maelfu wakaenda wenyewe. Chama cha Marek, Bund, chama cha Wayahudi cha kisoshalisti, kikamtuma mwanachama mmoja afuate njia ya treni kisirisiri. Akarudi na habari kwamba mabehewa yanaingia Treblinka yakiwa yamejaa na kutoka yakiwa matupu. Wala hakuna chakula kinachopelekwa huko. Chama kikachapisha habari hizo. Wengi hawakuamini.

Marek alisimama kwenye lango la uwanja wa treni siku baada ya siku. Kwa kuwa Wajerumani walitaka ionekane kwamba ni wenye afya tu wanaopelekwa kazini, tarishi wa hospitali aliruhusiwa kuwatoa kwenye foleni wachache walio "wagonjwa". Basi akawa anawavuta watu ambao kundi la siri liliwahitaji. Elewa uzito wa jambo hilo. Kumtoa huyu ni kumwacha yule, na yule anakutazama machoni. Katika wiki chache, watu zaidi ya 250,000 walipita hapo kwenda kufa.

Waliobaki, wengi wao vijana wa rika lako, wakaamua kwamba treni nyingine haitajazwa kimyakimya. Aprili 19, 1943, mkesha wa Pasaka ya Kiyahudi, askari wa Kijerumani walipoingia kummaliza kila aliyesalia, walipokelewa kwa risasi na chupa za petroli. Wapiganaji walikuwa mamia tu, na bastola zisizotosha. Marek aliongoza kikosi kimoja. Wajerumani waliposhindwa kuwatoa kwa haraka, wakachoma nyumba moja baada ya nyingine. Kamanda mkuu, Mordechai Anielewicz, alikufa ndani ya handaki Mei 8. Marek na wenzake wachache wakatoroka kupitia mitaro ya majitaka, wakaibukia kwenye shimo la barabarani mchana kweupe na kurukia lori lililokuwa likiwangoja. Wengine waliachwa chini, na hawakuokolewa.

Mwaka uliofuata Warsaw nzima iliasi, naye akashika bunduki tena. Vita vilipoisha angeweza kuhama, kama walivyofanya wengi. Yeye akaenda jiji la Łódź, akasomea udaktari, akawa bingwa wa moyo. Si ajabu: kijana wa langoni alikuwa bado anawavuta watu kutoka kwenye foleni ya kifo, mmoja mmoja. Alishirikiana na madaktari wa upasuaji waliothubutu kuwapasua wagonjwa wakiwa bado katikati ya mshtuko wa moyo, wakati ambapo wengi waliogopa hata kujaribu.

Mnamo 1968 serikali ya kikomunisti ilianzisha kampeni dhidi ya Wayahudi. Maelfu walipoteza kazi na kusukumwa wahame. Mkewe, Alina, ambaye pia alikuwa daktari, alikwenda Ufaransa na watoto wao wawili. Marek akabaki. Wafanyakazi waliogoma mwaka wa 1976 walipopigwa na kufungwa, aliungana na waliowatetea. Alijiunga na Solidarity, vuguvugu la wafanyakazi lililozaliwa 1980, na utawala wa kijeshi ulipotangazwa Desemba 1981 akawekwa kizuizini kwa siku kadhaa.

Halafu ikaja 1983, miaka 40 tangu geto lipigane. Serikali iliandaa sherehe kubwa na kumtaka akae kwenye kamati ya heshima. Ungekubali? Yeye alikataa hadharani. Aliona ni kejeli kuwaenzi waliokufa wakidai uhuru huku walio hai wakifungwa kwa kuudai. Polisi wakamzuia asitoke Łódź. Miaka sita baadaye alikuwa upande wa upinzani katika mazungumzo yaliyofungua njia ya uchaguzi wa 1989. Na Sarajevo ilipozingirwa miaka ya 1990, mzee huyu wa zaidi ya miaka 70 alisafiri na msafara wa misaada kwenda huko.

Lakini kuna jambo moja ambalo hakuacha kulisema, hata kama liliwaudhi waliotaka shujaa wa kupiga naye picha. Alikataa kuwagawa watu wa geto kuwa majasiri waliopiga risasi na waoga waliopanda treni. Kwake, mama aliyepanda behewa akiwa amemshika mwanawe mkono asiwe peke yake hakuwa na ujasiri mdogo kuliko mwenye bastola. Pengine kufa ukiwa unafyatua risasi ni rahisi zaidi. Yeye alikuwa amesimama langoni, aliwaona.

Edelman alifariki Oktoba 2, 2009. Kwa miaka mingi, kila Aprili 19 alikuwa akipeleka maua ya njano kwenye mnara wa mashujaa wa geto. Leo, siku hiyo ikifika, vijana wa Warsaw husimama barabarani wakiwagawia wapita njia maua ya karatasi ya rangi ileile. Hayabagui kati ya aliyeshika bunduki na aliyeshika mkono wa mtoto.