Konga Vantu: nyumba ya wageni pale Luanza

Ukitoka Lubumbashi na barabara ya Kasomeno, ukapita Kilwa, ukaendelea kaskazini na kando ya ziwa Moero, utakuta Luanza kabla ya kufika Pweto. Ni mahali padogo, juu ya ukingo unaotazama maji. Siye tuliokulia katika kambi za mugodi tulijua ile upande kwa samaki tu. Samaki kavu ya Moero na ya Luapula ilikuwa inafika na kamio, na njo ilisindikiza bukari ya baba zetu waliporudi kutoka kazini. Habari za watu wa kule hatukuuliza.

Pale Luanza aliishi mzungu mmoja ambaye watu walimpa jina la Konga Vantu, maana yake mwenye kukusanya watu. Jina lake la kuzaliwa ni Dan Crawford. Wale wanaosali katika makanisa ya Garenganze wanamjua. Wengine wetu, tunaosali kwingine ao tusiosali, tulisikia jina tu. Lakini tunaona inafaa tuongee juu yake, sababu siku hizi katika nyumba zetu neno la mgeni limekuwa neno la kugombanisha bwana na bibi. Unga wa mwezi unaisha tarehe 20, na mtoto wa ndugu anafika kutoka mugini na mfuko mkononi. Utamuambia nini?

Crawford alizaliwa tarehe 7 Desemba 1870 katika mji wa Gourock, karibu na mdomo wa mto Clyde, inchi ya Scotland. Baba yake alikuwa kapiteni wa chombo cha baharini. Alikufa wakati mtoto angali mdogo kabisa, mama akabaki na mzigo. Kwa hiyo hatusemi juu ya mtoto wa matajiri. Masomo yake hayakuwa marefu, kazi aliianza mapema. Mwaka 1889, akiwa na miaka 18, alipanda meli pamoja na Frederick Stanley Arnot, yule aliyefika Bunkeya mbele ya wamisionari wengine wote, mwaka 1886.

Siye watu wa sendika tunapenda kutaja hapa jambo moja la kushangaza. Wale wamisionari, waliojiita Ndugu, hawakuwa na salare. Hakukuwa na mukubwa wa kuwalipa, hakukuwa na karatasi ya mwisho wa mwezi. Walitegemea zawadi ambazo waamini wa kwao walituma, na kama zawadi haikufika, haikufika. Siye hatuwezi kumshauri mfanyakazi hata mmoja akubali kazi ya namna hiyo! Lakini tukumbuke ile hali, maana inaeleza mambo mingi ya nyuma.

Walishuka Benguela, pwani ya Angola, wakapanda mpaka Bihé, halafu wakafuata njia ndefu ya miguu kuja Katanga. Karibu na ile njia, miaka mingi baadaye, reli ya Benguela ilijengwa kwa kupeleka shaba yetu baharini. Wakati ule reli ilikuwa ni vichwa na mabega ya watu. Wapagazi walibeba nguo, dawa, vitabu na vyombo vya wazungu, na majina yao hayakuandikwa hata kidogo katika habari tunazosoma. Crawford alifika Bunkeya mwisho wa mwaka 1890.

Bunkeya ilikuwa ni mji wa Mushidi, mfalme wa Bayeke. Yeye mwenyewe alikuwa mgeni zamani, ukoo wake ulitoka Unyamwezi, upande wa Tanzania ya leo, lakini akawa mkubwa wa inchi yote ya Garenganze. Misalaba ya shaba iliyoyeyushwa na wazee wetu, pembe za tembo, na watumwa, yote ilipita kwake, ikaenda magharibi mpaka Benguela na mashariki mpaka pwani ya Zanzibar. Pale hakuna mgeni aliyejenga bila ruhusa yake. Mushidi aliwaona wale vijana watatu ao wanne wa Ulaya kama wazungu wake, kama vile mtu anavyokuwa na mbwa wake na bunduki yake. Walingoja alipotaka wangoje. Walienda alipowaita.

Hapa njo mwanzo wa habari ya ukarimu, na mara mingi watu wanaisimulia kwa kuigeuza. Mbele ya Crawford kukaribisha mtu, alikaribishwa yeye. Masanduku kutoka Benguela yalichukua miezi na miezi, mengine yalipotea njiani. Nguo ziliisha, sukari ilisahauliwa. Walikula kile inchi ilikula. Mtama na muhogo wa Bunkeya, uliolimwa na wanawake wa Bunkeya, wengi wao mateka walioletwa kwa nguvu kutoka Luba na Lunda na kwingine, njo ulimpa yule kijana nguvu ya kusimama. Na pale, katika ile nyumba ya misioni, tayari kulikuwa watoto waliookolewa kutoka utumwa, wakikaa na kula pamoja na wazungu wasio na kitu. Nyumba haikungoja itajirike njo ipokee watu.

Tarehe 20 Desemba 1891 mambo yalipasuka. Safari ya Stairs, iliyotumwa kwa faida ya Leopold mfalme wa Wabelgiji, ilikuwa imefika kutoka Zanzibar. Siku ile kapiteni Bodson alimpiga Mushidi risasi, na yeye Bodson akauawa. Mji mkubwa ukavunjika. Mateka walitafuta njia ya kurudi kwao, wengine kwao kulikuwa kumekwisha kuharibika. Njaa ikaja, njaa mbaya sana. Wamisionari hawakulia juu ya mwisho wa Mushidi, na baadaye walijenga misioni zao chini ya bendera ya Etat ya Leopold. Hilo hatulifichi, sababu wazee wetu walilipa ile bendera kwa damu. Crawford alikuwa na miaka 21.

Angeweza kurudi kwa mama yake. Hakurudi. Alienda upande wa ziwa Moero, na watu wakamfuata. Si jamaa moja, si kabila moja. Ni mabaki ya Bunkeya, Waluba, Wasanga, Walunda, na watu waliokimbia wafanyabiashara wa watumwa, maana hata kwenye kisanga cha Kilwa, ndani ya lile ziwa, wale wafanyabiashara walikuwa na makao. Mtu aliyeachwa bila ukoo ni mtu wa kukamatwa. Alihitaji mahali pa kusema anatoka pale. Hivi njo Luanza ilizaliwa, katikati ya miaka ya 1890, na hivi njo lile jina la Konga Vantu lilipata maana. Walilitunga wenyewe waliokusanywa.

Mwaka 1896 Crawford alisafiri mpaka Blantyre, katika inchi inayoitwa leo Malawi, akamuoa Grace Tilsley, aliyetoka Uingereza. Waliporudi Luanza, ile makao ya kijana peke yake ikawa nyumba.

Mama anayesoma gazeti hili akiwa na sufuria motoni ataelewa bila sisi kueleza sana. Ukarimu wa bwana unasifiwa na watu wote, lakini mzigo wake unakaa jikoni. Crawford anaingia na wageni sita, anawaambia wakae, na Grace anahesabu kilichobaki ndani ya kapu. Kwao wageni hawakukatika. Wawindaji na wasafiri wa Ulaya walipita wakielekea ziwani, watu wa serikali walipita, na wafalme wa inchi walifika vilevile, na mfalme wa kwetu hatembei peke yake, anakuja na watu wake. Wagonjwa walikaa uani tangu asubuhi. Grace alifundisha wasichana na wanawake kusoma na kushona, alifunga vidonda, na bado jioni ilipofika watu walitaka kula. Wasichana wa Luanza walimsaidia kazi. Mikono yao pia, kama mabega ya wapagazi, haikuandikwa.

Luanza ilikua. Crawford alipenda barabara zilizonyooka na nyumba za matofali, na shule ilikuwa moyo wa mahali. Asubuhi yake ilikuwa ya kitabu. Alitafsiri Biblia katika Kiluba cha Wasanga, na ile kazi mzungu hafanyi peke yake. Anahitaji wazee wa kukaa naye, wamwambie neno hili linachekesha, lile ni tusi, hili bibi zetu walikuwa wanalisema zamani. Agano Jipya lilipatikana mwaka 1904. Na usiku alikuwa mtu wa moto. Tunataka kusema, alikaa kwenye moto na watu, akasikiliza hadithi na mezali mpaka usiku wa manane. Aliamini kwamba mgeni anayetaka kufundisha watu anapaswa kwanza kujifunza kufikiri kama wao. Njo sababu kitabu chake kikubwa, kilichotoka mwaka 1912, alikiita kwa jina lenye maana ya kufikiri kama mtu mweusi. Ndani yake kuna maneno ambayo siye leo hatuyakubali. Alikuwa mtu wa wakati wake. Lakini wazungu wangapi wa wakati ule walikubali kukaa chini na kufundishwa na mzee asiyevaa viatu?

Sasa tuseme na upande mwingine, sababu siye tumezoea kuangalia karatasi pande zote mbili mbele ya kutia sahihi. Mtu anayekusanya watu, mwisho wake anawatawala. Luanza ilikuwa ni kijiji chake. Mashauri ya watu yalikuja mbele yake, yeye alisikia, yeye alikata. Waliomkimbia mfalme mmoja walijikuta na mwingine, mpole zaidi, lakini bado ni yeye aliyesema nani atajenga wapi. Tunajua hii hali. Wakati Union Minière ilipojenga kambi kwa ajili ya baba zetu na mama zetu, ilitoa nyumba, poso, shule na munganga, na watu mingi walishukuru kwa haki. Halafu siku kazi ilipoisha, nyumba iliisha vilevile. Kupokelewa katika nyumba ya mtu na kuwa na nyumba yako si jambo moja. Hatufananishi Crawford na kampuni, maana yeye hakutafuta faida, na alikufa bila mali. Tunasema tu kwamba wale wa Luanza walijua tofauti hiyo mbele yetu.

Na kampuni ilifika kweli. Union Minière iliundwa mwaka 1906, reli ilifika Elisabethville mwaka 1910, shaba ya kwanza ya kiwanda ilitoka mwaka 1911. Mikono ilihitajika, na upande wa Luapula na Moero ulikuwa moja ya mahali pa kuitafuta. Vijana walioka kwenye ule moto wa usiku walishuka kwenda Lubumbashi. Wengine wetu ni wajukuu wa wale vijana, na pengine hatujui.

Mwaka uleule wa 1911 Crawford aliondoka Afrika kwa mara ya kwanza, kiisha miaka 22. Sasa yeye njo akawa mgeni. Alizunguka Uingereza, Marekani na Australia, watu walijaa kumsikiliza, kitabu kikauzwa sana. Angeweza kubaki kule na kula matunda ya jina lake. Mwaka 1915 alikuwa tena Luanza, na ile nyumba ikaendelea kama zamani, na Grace, na wagonjwa uani, na wazee wa kutafsiri. Agano la Kale ni kazi ndefu kuliko Agano Jipya. Alilifikisha mwisho mbele ya kufa.

Kifo chake, mtu wa mugodi hawezi kukisoma bila kutikisa kichwa. Usiku mmoja wa mwaka 1926 aligonga mgongo wa mkono wake kwenye ubao mkavu wa nyumba. Ulikuwa mkwaruzo tu. Hakuujali, akalala. Mkono ukavimba, sumu ikaingia katika damu. Siye tunarudilia kila siku kwa vijana wa chini ya ardhi kwamba kidonda kidogo kioshwe, kionyeshwe kwa munganga, kiandikwe kwenye daftari la siku ileile, na kila siku kuna anayecheka. Wakati ule dawa tunazozijua leo hazikuwepo. Yeye aliyekuwa amefunga vidonda vya watu mingi alikufa na kidonda ambacho hakukifunga, tarehe 3 Juni 1926, akiwa na miaka 55.

Walimzika Luanza, juu ya ziwa, katikati ya watu aliowakusanya na waliompokea.