Antao, Mwana wa Mombasa Tuliyemsahau

Mtaje Seraphino Antao leo mbele ya vijana wa Siakago, kule Mbeere, na huenda wakakuuliza ni nani. Hilo si ajabu. Ajabu ni kwamba hata Majengo na Makadara wapo watakaouliza vivyo hivyo, na mtu huyo ni wetu.

Antao alizaliwa Mombasa mwaka 1937, katika jamii ya Wagoa. Alikuwa mkimbiaji wa mbio fupi. Mwaka 1958 alikwenda Cardiff kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, na 1960 akaenda Olimpiki ya Roma. Kote kuwili alirudi bila medali, akaendelea na mazoezi.

Novemba 1962, huko Perth, Australia, subira ikavuta heri. Alishinda mbio za yadi 100, kisha akashinda za yadi 220. Bendera ya Mwingereza ilikuwa ingali juu, uhuru umebakia kama mwaka mmoja. Dhahabu ya kwanza ya Kenya katika michezo hiyo ikaletwa na kijana wa Pwani, si mtu wa milimani.

Mwaka 1964 ndiye aliyebeba bendera ya Kenya huru Tokyo. Hapo Wilson Kiprugut alipata shaba ya mita 800, na tangu hapo sifa zikahamia Bonde la Ufa. Antao alihamia Uingereza, akafia London mwaka 2011. Ilichukua miaka 60 kwa Mkenya mwengine, Ferdinand Omanyala, kushinda mbio fupi kabisa za Madola, Birmingham 2022.

Leo kinachotuunganisha na Mbeere ni magari ya muguka. Mwaka 2024 magavana wetu waliupiga marufuku, mahakama ya Embu ikasimamisha amri ile. Mkulima wa kule anatetea riziki yake, nasi twatetea wana wetu. Lakini tujiulize: kijana akiacha kutafuna, baina ya alasiri na magharibi atafanya nini? Viwanja vingapi tumeviacha vikamegwa?

Joto la Mombasa halikumzuia Antao, wala hakuhitaji mlima. Siakago nako ni nchi ya joto. Vijana wa huku na wa kule wanahitaji kiwanja, mwalimu na mtu wa kuwapimia saa. Tuanze kwa kuwasimulia habari za huyu aliyewatangulia.