Dinari Laki Moja za Salahuddin

Likitajwa jina la Sultan Salahuddin al-Ayyubi, wengi wetu huikumbuka Baitul-Muqaddas. Lakini atakaye kumjua vyema na autazame pia mji uliokufa kabla haujazaliwa: magofu ya ngome iliyoko ukingoni mwa Mto Yordani, kaskazini mwa Ziwa Tabaria, penye kivuko cha Jisr Banat Yaqub.

Salahuddin, Mkurdi kwa asili, alizaliwa Tikrit, nchini Iraq, mwaka wa 532 Hijria. Alikwenda Misri pamoja na ami yake, Shirkuh, akawa waziri huko mwaka wa 1169. Mwaka wa 1174 aliingia Damascus.

Mnamo Oktoba 1178, Wapiganaji wa Msalaba walianza kujenga ngome hiyo, mwendo wa siku moja tu kutoka Damascus. Sultan hakukimbilia upanga. Aliahidi kuwalipa dinari 60,000 waibomoe, kisha akapandisha hadi 100,000. Walikataa.

Agosti 1179 aliizingira. Wachimbaji wake walitoboa chini ya ukuta, wakajaza kuni na kutia moto, lakini ukuta ulikuwa mnene, haukutikisika. Sultan akatoa dinari moja kwa kila aletaye kiriba cha maji ya kuuzima moto, ili wachimbaji warudi shimoni. Hatimaye ukuta ukaporomoka. Mfalme Baldwin wa Nne, aliyekuwa Tabaria, hakuwahi kufika.

Mamia waliuawa, na wengine mamia wakatekwa. Maiti zilitupwa kisimani, na haukupita muda maradhi yakaingia katika jeshi la Sultan mwenyewe, yakawaua makamanda wake kadhaa. Wataalamu wa mambo ya kale walioanza kuchimba hapo mwaka wa 1993 walikuta zana za waashi, chokaa, na mifupa yenye majeraha ya panga.

Miaka minane baadaye, tarehe 27 Rajabu 583, sawa na Oktoba 2, 1187, Salahuddin aliingia Baitul-Muqaddas. Safari hii mji ulisalimu amri, na watu wake wakaruhusiwa kujikomboa kwa fidia.

Alifariki Damascus, Machi 4, 1193. Hazina yake ilipofunguliwa, zilipatikana dirhamu 47 na sarafu moja ya dhahabu. Yule aliyekuwa tayari kutoa dinari laki moja ili ngome moja ibomolewe bila vita, gharama za maziko yake ilibidi zikopwe. Mola amrehemu.