Percival Lowell na Mifereji ya Mirihi

Kila tunapofundisha habari za jua na sayari zake, swali moja halikosi: je, huko wamo viumbe wenye akili kama sisi? Mwalimu wa Tarime au wa Mugumu hulipata mapema, maana usiku wa kiangazi anga la nyanda za Serengeti halififishwi na taa za mji, na Mirihi, ile sayari nyekundu, inapofikia wakati wake wa kung'aa hupita karibu na utosi. Wengi wetu hulijibu kwa neno moja na kuendelea na somo. Sisi twaona ni afadhali kumsimulia mwanafunzi maisha ya mtu aliyelichukulia swali hilo kwa uzito, akalitolea mali yake na miaka zaidi ya 20, na akakosea.

Percival Lowell alizaliwa tarehe 13 Machi 1855 mjini Boston, Marekani, katika ukoo wa matajiri wenye viwanda vya nguo. Alihitimu Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1876 akiwa hodari wa hisabati, akasimamia mali ya ukoo kwa miaka michache, kisha akaelekea Mashariki ya Mbali. Alikaa Japani kwa vipindi virefu, na mwaka 1883 alikuwa katibu wa ujumbe wa Korea uliozuru Marekani. Hatutakawia hapo. Yatosha kujua kwamba alikuwa na kalamu nyepesi na fedha za kutosha, wala hakuwa na bwana wa kumwajiri. Mambo hayo yalimsaidia, na ndiyo yaliyomponza.

Mwaka 1877, Mirihi ilipoikaribia dunia, mtaalamu wa nyota Mwitalia, Giovanni Schiaparelli wa Milano, aliona katika darubini yake mistari myembamba iliyokatiza uso wa sayari hiyo. Aliiita kwa neno la Kiitalia lenye maana mbili: mkondo uliofanywa na maumbile, au mfereji uliochimbwa. Wafasiri wa Kiingereza walishika maana ya pili. Mwalimu wa lugha ataona mara moja uzito wa jambo hili. Mto Mara una mkondo wake, wala hakuna aliyeuchimba. Lakini ukisema mfereji, umekwisha kutaja jembe na mtu aliyelishika. Nusu ya hoja ilikubaliwa kabla hoja yenyewe haijaanza.

Lowell aliipokea kwa moyo wote. Mwaka 1894 alijenga kwa fedha zake kituo cha kutazamia nyota kilimani karibu na mji wa Flagstaff, Arizona, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Tunampa heshima yake kwa uamuzi huo, maana alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuchagua mahali pa kituo kwa kufuata utulivu wa hewa, wala si ukaribu wa mji. Miaka miwili baadaye alipata darubini yenye kioo cha kipenyo cha sentimita 61. Usiku baada ya usiku alichora mistari. Katika vitabu vitatu, vya 1895, 1906 na 1908, alijenga maelezo yaliyoshikamana barabara: Mirihi ni sayari inayokauka, maji yake yaliyobaki yameganda katika ncha zake, wakazi wake wenye akili wamechimba mifereji kuyafikisha maji hayo penye joto, nasi tuonacho si mfereji wenyewe bali ukanda wa mimea iliyoota kandokando yake.

Mwalimu asiicheke hoja hii mbele ya darasa. Mfereji ni ushahidi mwema wa akili. Mashariki ya Hifadhi ya Serengeti, Wasonjo wamemwagilia mashamba yao kwa mifereji tangu zamani. Mbele zaidi, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, yako magofu ya Engaruka, ambako wakulima walioondoka yapata karne ya 18 waliacha mifereji na mipaka ya mashamba iliyojengwa kwa mawe. Hakuna aliye hai aliyewaona, wala hakuna ashukuye kwamba walikuwapo. Lakini Engaruka mtu huenda kwa miguu, akapima jiwe kwa jiwe, na anayembishia akaenda naye kupima. Mifereji ya Lowell ilionekana kwa nukta chache tu hewa ilipotulia, na watazamaji wengine wenye darubini kubwa kuliko yake hawakuiona.

Hapa ndipo shule inapoingia katika habari hii, na ndiyo sababu ya kuileta kwa walimu wenzetu. Mwaka 1903 Waingereza wawili, Edward Maunder wa kituo cha nyota cha Greenwich na Evans, mwalimu wa shule ya wavulana ya hapo hapo, walitoa matokeo ya jaribio lao. Walitundika mbele ya darasa picha ya duara yenye madoa na vivuli, isiyo na mfereji hata mmoja. Wavulana waliketi kwa umbali mbalimbali, wakaambiwa wachore wanachokiona. Walioketi mbele walichora madoa kama yalivyo. Walioketi mbali kabisa waliona vivuli vikubwa tu. Lakini miongoni mwa walioketi katikati, wengi walichora mistari iliyonyooka. Jicho lililofika mwisho wa uwezo wake liliyaunganisha madoa.

Jaribio hilo halikukata shauri. Camille Flammarion wa Ufaransa, mtetezi wa uhai katika Mirihi, alilirudia kwa vijana wa kwao, nao hawakuchora mistari. Lowell naye alilidharau kama hoja ya kitoto. Hata hivyo laweza kufanywa katika darasa lolote la wilaya zetu kwa karatasi kubwa, mkaa na watoto 40, bila umeme wala darubini. Mwalimu achore madoa ya ovyo, asitaje Mirihi, kisha azitundike kazi zote ukutani kwa kufuata safu za madawati. Akiwadokeza watafute mistari, amekwisha kuliharibu. Na tusidhani kwamba hili ni jambo la anga tu. Sote tumekwisha kuona, katika mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi aliyepewa ua la mharagwe mkononi akachora ua la kitabuni, naye akapewa alama zote kwa sababu mchoro wake ulifanana na ule wa ubaoni.

Lowell hakuwa mwongo, aliandika alichokiona. Ila katika kesi moja alikuwa shahidi, wakili na hakimu. Mwaka 1896 aliitazama Zuhura, sayari iliyofunikwa na mawingu mazito, akaona huko pia mistari, kama spoku za baiskeli. Wataalamu kadhaa wamekisia baadaye kwamba, kwa kuwa aliziba sehemu ya kioo ili kutuliza picha, alikuwa akiona vivuli vya mishipa ya damu ya jicho lake mwenyewe. Mwaka uliofuata aliugua kwa uchovu wa akili, akakaa miaka kama minne mbali na kazi; aliporudi aliendelea pale alipoachia. Mwaka 1907 Alfred Russel Wallace, mzee wa miaka 84, aliandika kitabu kuonyesha kwamba Mirihi ni baridi mno kwa maji kutiririka. Mwaka 1909 Eugène Antoniadi, kwa darubini ya sentimita 83 huko Meudon, Ufaransa, aliona mistari ile ikivunjika kuwa madoadoa yasiyo na mpango. Lowell hakubadili msimamo. Alifariki tarehe 12 Novemba 1916, akazikwa kilimani hapo hapo karibu na darubini yake.

Kituo chake kiliendelea, na humo ndimo Clyde Tombaugh alimogundua Pluto mwaka 1930. Julai 1965 chombo cha Marekani, Mariner 4, kilipita karibu na Mirihi na kuleta picha 21: nchi kame yenye mashimo kama ya mwezi. Mariner 9, iliyoizunguka sayari hiyo mwaka 1971 na 1972, ilipiga picha za takriban uso wake wote. Mistari ya Lowell haikuonekana ila pale ambapo kwa nadra iliangukia bonde la kweli. Lakini yalionekana mabonde makavu yenye matawi, yaliyokatwa na maji mabilioni ya miaka iliyopita. Ilikuwa mikondo. Tangu Februari 2021 chombo cha Perseverance kimefanya kazi mahali ambapo zamani mto ulimwaga maji yake ziwani, kikitoboa miamba kutafuta alama za vijidudu, wala si za wachimba mifereji.