Ibn al-Haytham: Bingwa aliyegundua kuwa macho hayaoni peke yake

WAVUVI wa Muhuru Bay, huko Nyatike katika Migori, hulitazama jua likizama ziwani, nalo huonekana kubwa kuliko lilivyokuwa adhuhuri. Mwezi mpevu nao ni vivyo hivyo, unapotua alfajiri wakati mashua za wavuvi wa mbuta zinaporejea pwani.

Lakini nyosha mkono, ufunike mwezi huo kwa ukucha wa kidole chako cha mwisho. Rudia usiku, mwezi ukiwa utosini. Ukucha ule ule utatosha mara zote mbili. Mwezi haukukua hata kidogo. Je, ni nani aliyetudanganya?

Miaka elfu moja iliyopita, swali hili lilimshughulisha mtaalamu mmoja Mwarabu, Al-Hasan ibn al-Haytham, ambaye Wazungu walimwita Alhazen. Alizaliwa Basra, nchini Iraki, karibu mwaka 965, na akafariki Cairo, Misri, karibu mwaka 1040.

KISA CHA MTO NILE

Maisha yake yaligeuzwa na mto ambao watu wa ziwa hili wana sehemu ndani yake. Maji ya ziwa hutoka Jinja, Uganda, yakawa Nile, na huko Khartoum hukutana na maji ya Ethiopia, ambayo ndiyo hasa yaliyokuwa yakileta mafuriko ya kila mwaka nchini Misri.

Mwanahistoria Ibn al-Qifti, aliyeandika katika karne ya 13, asimulia kwamba Ibn al-Haytham alijigamba kuwa angeweza kuyatawala maji hayo, yafae wakati wa mafuriko na wakati wa ukame. Habari zikamfikia Khalifa al-Hakim wa Misri, naye akamwita, akampa watu na mali, akamtuma kusini.

Njiani, bingwa huyo aliyaona majengo makubwa ya Wamisri wa kale. Akafikiri kwamba kama kazi ile ingewezekana, mafundi hodari kama wale wangekwisha kuifanya. Alipofika kwenye maporomoko karibu na Aswan na kuikagua nchi kwa macho yake, alijua kwamba mpango wake haufai.

Alirudi akaungama. Al-Hakim alimpa kazi serikalini, lakini khalifa huyo alikuwa na sifa ya kuwaua hata mawaziri wake. Kwa kuhofia shingo yake, Ibn al-Haytham alijitia wazimu. Akanyang'anywa mali na kufungiwa nyumbani, hadi al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Hapo akili zake zikarudi ghafla! Akahamia karibu na msikiti wa Al-Azhar, akajipatia riziki kwa kunakili vitabu vya Euclid na Ptolemy.

TAA NA CHUMBA CHA GIZA

Kazi yake iliyompa jina ni Kitab al-Manazir, chenye juzuu 7, kinachoeleza nuru na kuona. Kabla yake, Euclid na Ptolemy walifundisha kwamba jicho hutoa miale inayokwenda kukigusa kitu. Ibn al-Haytham aliyakataa hayo. Ukitazama jua, jicho huumia, na hata ukilifumba bado waona alama ya mwanga. Basi nuru ndiyo inayoingia jichoni kutoka nje.

Hakuridhika na maneno matupu. Alipanga taa kadhaa mbele ya kijitundu cha chumba chenye giza. Ukutani, kila taa ilitoa doa lake la mwanga. Alipoifunika taa moja, doa lake tu ndilo lililotoweka. Nuru zote zilipita tunduni bila kuchanganyika.

Mkazi wa Muhuru Bay hana haja ya kwenda Cairo kulielewa jambo hilo. Usiku wa giza, taa za wavuvi wa omena hutapakaa ziwani. Nuru zao zote hupita katika mboni moja ndogo ya jicho, na bado kila taa huonekana mahali pake.

AKILI NDIYO HAKIMU

Lakini ugunduzi wake mkubwa zaidi ulikuwa huu: nuru kuingia jichoni si kuona bado. Jicho hupokea, na akili ndiyo inayokata shauri. Hulinganisha, hukumbuka, huamua, tena kwa wepesi hata sisi wenyewe hatutambui kwamba tumeamua.

Alitoa mfano wa mawingu. Juu ya tambarare, wingu huonekana liko juu sana, karibu na mbingu. Lakini mlimani, kilele kinapolipenya, twajua kwamba liko karibu. Anayevitazama vilima vya Gwassi asubuhi ya mvua ataliona jambo hilo mwenyewe.

Ndivyo alivyoueleza mwezi. Unapokuwa chini, kati yetu nao kuna maji, mashua na visiwa, na akili huuona uko mbali sana. Kitu cha mbali chenye umbo lile lile jichoni, akili hukihukumu kuwa kikubwa. Wataalamu wa leo bado wanajadiliana juu ya jambo hili, lakini wengi wao hukubali kwamba udanganyifu huo umo kichwani mwetu, haumo angani.

Si kila alilosema lilikuwa sahihi. Alidhani kwamba sura ya kitu hupokewa na lenzi iliyo ndani ya jicho. Mwaka 1604, Johannes Kepler, Mjerumani, alionyesha kwamba sura hiyo huangukia nyuma ya jicho, tena kichwa chini miguu juu. Lakini Kepler alijenga juu ya msingi uliowekwa na Ibn al-Haytham, ambaye kitabu chake kilikuwa kimetafsiriwa kwa Kilatini na kupigwa chapa Basel mwaka 1572.

Kusahihishwa huko kusingemchukiza. Yeye mwenyewe aliandika kitabu kizima cha kuonyesha makosa ya Ptolemy, akawahimiza wasomaji wasimwamini mwandishi kwa ukubwa wa jina lake, na wasiache kujitilia shaka wao wenyewe. Mtu aliyekwisha kujigamba mbele ya mto, kisha akaenda kuutazama, alikuwa na haki ya kutoa shauri hilo.